Kisahani Kilichozaliwa Gazetini

Anayesimama kwenye roshani ya ghorofa Parklands usiku huona mengi angani: taa nyekundu za minara ya Westlands, ndege, na mara mojamoja msururu wa nukta nyeupe zinazofuatana kama shanga. Nukta hizo aghalabu ni satelaiti za Starlink, ambazo kundi la kwanza la 60 lilirushwa Mei 2019. Asiyelijua hilo huenda akasema ameona chombo cha viumbe wa sayari nyingine. Kwa mwanafunzi wa fasihi, kumwita mwongo hakusaidii kitu. La kuulizwa ni umbo hilo amelitoa wapi.

Mnamo 24 Juni 1947, rubani Mmarekani Kenneth Arnold alisimulia kuwa ameona vitu 9 vikipita kwa kasi karibu na Mlima Rainier. Alieleza mwendo wake: viliruka kama kisahani kinachotupwa juu ya maji. Magazeti yaliudaka mfano huo, yakauhamisha kutoka mwendo hadi umbo, na tangu hapo watu wengi wakaanza kuona visahani. Ni nadra tashbihi iliyosomwa vibaya kupata bahati kama hiyo.

Kiswahili kilikuwa na hazina yake kabla ya filamu. Mwali unaokatiza mbingu huitwa kimondo, na katika imani ya Waislamu wa pwani, kimondo ni moto anaopigwa nao shetani anayedukua habari za mbinguni. Mzee wa Lamu, basi, anaweza kuona shetani akifukuzwa pale ambapo kijana wa Nairobi, aliyelelewa na televisheni na filamu za kigeni zinazosimuliwa upya na DJ Afro, anaona uvamizi. Kadhalika, hofu iliyoanzia Pemba mwaka 1995 ilienea pamoja na jina Popobawa, na jina hilo liliwapa watu mabawa ya kuyatazamia gizani.

Mfano wa karibu zaidi na Parklands uko Kawangware. Tarehe 11 Juni 1988, mtu mwenye ndevu na mavazi meupe alitokea katika mkutano wa maombi wa Mary Akatsa. Umati ulimtambua kuwa ni Yesu, na gazeti la Kenya Times likachapisha picha zake. Walimtambua kwa lipi, ilhali hapakuwa na aliyepata kumwona Yesu kwa macho? Yamkini kwa kalenda za ukutani, na kwa filamu ya mwaka 1979 juu ya maisha yake, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili pia.

Hata hivyo, hoja hii ina hatari ya kutumiwa kuwabeza mashahidi. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo zipatazo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Mtafiti ambaye angefika Mukuku na hojaji inayouliza juu ya visahani angerudi na visahani. Angeuliza tu "Mliona nini?", akanakili neno la kwanza lililotamkwa bila kulitafsiri, angerudi na pete.