Mbele ya kuomba foni mpya, tuangalie kwanza antena

Wamama na wapapa wa koperative, msimu huu tena tumepokea barua zinazoomba kitu kimoja: foni mpya. Barua ziko na muhuri, ziko na sinyatire ya prezida na ya sekretere, na zote zinasema karibu maneno yale yale: foni yetu imekufa, hatusikii tena Bukavu, tunaomba wafadhili watufikirie. Sisi maagronomu njo tunabeba hizo barua kutoka milimani mpaka ofisini. Leo tunataka kusema waziwazi tunachofikiri, hata kama hakitawapendeza wote. Foni nyingi ambazo watu wanasema zimekufa, hazijakufa. Kilichokufa ni antena. Na antena ni kazi ambayo mtu anayejua kusimamisha ghala la mahindi anaweza kuifanya.

Tunasema hivyo sababu sisi wenyewe tulikosea. Kuko koperative moja ya maharagi na viazi kule milima ya juu ya Kalehe, fasi ambako simu hazishiki reso. Foni yao ilinyamaza wakati wa mavuno. Tukaandika ripoti, tukaomba, foni ingine ikaletwa, ikafungwa ku antena ile ile ya zamani. Haikumaliza juma. Ile siku walipoita Bukavu mara ya kwanza, sauti ilitoka kidogo, mara ya pili kidogo zaidi, kisha harufu ya kitu kinachoungua ikajaa mu chumba. Kati ya hapo mchuuzi mmoja akafika, akawaambia bei ya maharagi imeanguka mujini. Nani angemkatalia? Wakamuachia mifuko 40 kwa bei aliyoitaja. Nyuma ya majuma mawili tukajua bei haikuanguka hata kidogo. Ile hasara hatukuilipa sisi wenye kuandika ripoti. Waliilipa wao.

Kilichoua ile foni ya pili kilikuwa ni nini? Maji. Mvua ilikuwa imeingia mu kabulo pale juu, katikati ya antena, fasi kabulo inapogawanyika kwenda ku fili mbili. Ile mvua inatembea ndani ya nyuzi za shaba kama vile inavyotembea mu utambi wa taa, inashuka polepole, inaozesha shaba. Foni ikisukuma nguvu juu, nguvu inakosa njia, inarudi. Wakulima wa mpunga wataelewa vizuri: ukifungua maji kwa nguvu mu mtaro uliozibwa, hayaendi shambani, yanarudi kubomoa kule yalikotoka.

Kuko kichombo kidogo kinachopima nguvu inayorudi. Mafundi wa foni wanakiita tosmetre. Kikionyesha 1,5 ao chini, antena ni nzima. Kikionyesha 3, robo ya nguvu yote inarudi: ku foni ya wati 100, wati 25 zinarudi nyumbani. Foni zingine zinajilinda kwa kupunguza sauti, zile za zamani zinaungua tu. Tosmetre ni rahisi sana kuliko foni, na hata hivyo mu makarto ya msaada tunatia foni, tunatia batri, tunatia paneli ya jua, tosmetre hatutii. Hapo lawama ni yetu, tunaipokea.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Antena ya foni ni fili mbili za shaba zenye urefu sawasawa, zinazotandazwa kushoto na kuume, na kabulo inashuka katikati. Urefu haukisiwi kwa macho. Unachukua 143, unagawanya na frekansi mliyopewa mu megahertz. Kama frekansi yenu ni 6,5, inatoka metre 22 kwa jumla, maana yake metre 11 kila upande. Kateni 11 na santimetre 30, ile inayozidi muikunje nyuma na kuizungusha ku fili yenyewe, kisha mpunguze polepole huku mkiangalia tosmetre. Fili iliyokatwa fupi hairefuki. Fili ya kufunga umeme nyumbani, ile ya 2,5, inatosha. Ku ncha mbili mnaweka kipande cha tiyo ya plastiki chenye matundu mawili, ili fili isigusane na kamba wala mti uliolowa.

Tena, kimo. Hapa tunabishana sana na wanakamati. Kila koperative inataka pilone ya chuma kama ya makampuni ya simu, na wengine wamekwisha kuchangisha wanamemba juu ya hiyo. Tunawaomba waache. Radio za FM, zile mnazosikiliza habari na nyimbo, mawimbi yao yanakwenda moja kwa moja, mlima ukiingia katikati yanakatika. Wao wanahitaji kweli kimo. Foni inafanya namna ingine. Mawimbi yake yanapanda mbinguni, yanagonga tabaka la juu la anga, yanarudi chini upande wa pili wa mlima. Kwa kusemesha fasi ya kilometre 50 mpaka 300, fili iliyotandazwa metre 6 mpaka 9 toka chini inafanya kazi nzuri. Ukiipandisha sana, nguvu nyingi itakwenda mbali, Bukavu itasikia vibaya kuliko zamani. Kwa hiyo miti miwili ya kalatusi iliyonyooka inatosha. Ile feza ya pilone nunueni mbegu.

Mti wa metre 9 uingie udongoni metre 1 na nusu. Mbele ya kuusimamisha, chomeni ile sehemu itakayozikwa mpaka iwe nyeusi nje, sababu mchwa wa huku hawana huruma. Mti ushikwe na kamba tatu, zigawane duara sawasawa, kila kigingi kikae mbali na mti metre 6 hivi. Na hapa tutasema neno ambalo halimo mu vitabu vya mafundi: msifunge mbuzi ku hizo kamba. Tumehesabu antena zilizolegea juu ya mbuzi kuliko zile zilizoangushwa na upepo. Fasi ingine tulikuta fili yenyewe imeshushwa mpaka urefu wa mtu, imeanikwa nguo. Mama operatere alikuwa anashangaa juu ya nini vikwembe vinapendeza na Bukavu haisikii! Tulicheka pamoja naye, lakini siyo mambo ya kucheka: fili ile, foni ikisema, inaunguza mkono wa mtoto anayeigusa. Ncha zake zikae juu, mkono usifike.

Kama mnatumia mti mzima unaosimama, avoka ao musizi, msikaze fili. Mti unacheza na upepo, fili inakatika. Wekeni puli ndogo, mpitishe kamba, na ku mwisho wa kamba mfunge jiwe. Mti ukiinama, jiwe linapanda, ukirudi, linashuka. Ile puli tena inaleta faida ingine kubwa, nayo ni kwamba hakuna mtu atakayepanda. Antena inashushwa, inatengenezwa chini, inarudishwa juu. Kijana mmoja tunamjua alipanda peke yake, bila kamba kiunoni, akaanguka, mpaka leo anatembea na fimbo. Koperative ilimnunulia dawa za juma moja.

Siku foni inaponyamaza, mfanye nini? Kwanza batri. Kama mnasikia wengine vizuri lakini wao hawawasikii, mara nyingi ni batri, sababu kusikiliza kunakula kidogo, kusema kunakula karibu ampere 20. Pimeni wakati operatere anasema. Ikishuka chini ya volti 11, foni haina kosa. Safisheni vile vichwa vya batri kwanza, ule unga wa kijani ni adui.

Batri ikiwa nzima, ondoeni kabulo ku foni, na mshushe antena. Mu multimetre ya kawaida, ile ya fundi wa redio sokoni, wekeni upande wa kulia. Gusisheni kati ya kabulo na nyuzi za nje zinazoizunguka. Isilie. Ikilia, kuko fasi zimegusana, ao maji yameingia. Lakini kama pale katikati ya antena kuko kisanduku chenye koili ndani, kinaweza kulia bila ugonjwa, muulize fundi. Kisha mtu mmoja aunganishe zile fili mbili kule mwisho, na sasa ilie. Isipolia, kabulo imekatika. Kateni nusu metre, muangalie shaba: nyekundu inang'aa ni nzima, nyeusi ao kijani ni mbovu, kateni tena. Ikiendelea kuwa nyeusi metre nyingi, nunueni kabulo ingine, ya ohm 50, siyo ile ya televisheni. Fasi ya kuunga mufunge na mpira wa ndani wa kinga, ukikazwa na kuzungushwa toka chini kwenda juu kama manjanja yanavyolaliana, na mbele ya kuingia nyumbani kabulo ishuke chini ya dirisha kisha ipande, ili matone yaanguke pale.

Juu ya radi hatuwezi kunyamaza. Uchunguzi wa satelaiti uliotolewa 2016 uliweka Kabare, hapa kwetu Kivu ya Kusini, nafasi ya 2 duniani nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: radi zaidi ya 200 kila mwaka mu kilometre moja ya mraba. Watu wa Kalehe ni jirani wa hao. Mawingu yakiwa meusi, kabulo itoke ku foni na itolewe nje ya nyumba. Isiachwe chini ya meza. Shaba ama chuma kirefu kipigwe udongoni nje, pale kabulo inapoingilia. Na antena isisimamishwe karibu na waya za umeme: mti ukianguka upande wowote, usizifikie.

Kuna wenzetu ofisini wanaosema foni ni mambo ya zamani, tungojee reso. Pale reso imefika, sawa, tumieni simu. Lakini kule ambako imengojewa tangu tulipokuwa wanafunzi wa enstiti, hatuwezi kuwaambia wakulima wauze bila bei mpaka kampuni ipende kupanda mlima. Foni, mtu mmoja akisema bei, vijiji vyote vinasikia. Ni faida, na ni hatari vilevile: hata mwizi anasikia. Semeni bei, msiseme mko na mifuko ngapi wala siku feza itapita njiani.

Na karatasi. Antena inaonekana mbali, na mu inchi yetu ya vita kila mti wenye fili unaulizwa. Chefu wa grupema ajulishwe mbele ya kuchimba shimo, na frekansi iombwe kwa ARPTC. Wengine wanasikia wapenzi wa radio, wale ambao majina yao ya hewani hapa Kongo yanaanza na 9Q, wakisalimiana kati ya 7,0 na 7,2 megahertz, wanafikiri ni fasi ya bure. Hao tunawaheshimu, hesabu ile ya 143 imetembea mikononi mwao miaka mingi, lakini frekansi zao si za kuuzia maharagi.

Kwa ofisi yetu tumeomba hivi: koperative ikileta barua ya foni mpya, itumiwe kwanza tosmetre, multimetre na fili metre 50. Kwa koperative tunaomba kitu kidogo cha kila mfuko kiwekwe mu sanduku la antena, na operatere apewe funguo yake.

Kule milimani, operatere wa ile koperative iliyopoteza mifuko 40 anaandika sasa hesabu ya tosmetre ku ukuta na chaki, kila siku ya soko. Tulipofika mwezi uliopita ilikuwa imeandikwa 1,3, 1,3, 1,4, kisha, nyuma ya mvua kubwa, 2,2. Tulimkuta nje, amekwisha kufungua jiwe, anashusha kamba.