Chuo cha Karibu Nacho ni Chuo



Miezi hii vijana waliomaliza kidato cha nne wanaomba nafasi za vyuo. Kwa hiyo mwezi huu siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Naandika juu ya ubishi nilioukuta nyumbani kwa mkulima mmoja wa pamba, hapa kwetu wilaya ya Misungwi.

Binti yake anataka kusoma kilimo. Aliomba vyuo viwili, akakubaliwa vyote. Kimoja ni Ukiriguru, chuo cha Wizara ya Kilimo, kama kilomita 30 kutoka Mwanza mjini. Kingine kiko mbali, katika mji mkubwa, na jina lake linajulikana nchi nzima. Binti akachagua Ukiriguru. Baba yake mkubwa alikasirika.

"Umefaulu vizuri, halafu unakwenda kusoma nyuma ya nyumba? Watu watasema tumeshindwa kukulipia."

Binti alijibu kwa adabu. "Baba mkubwa, hapa nitapata bweni. Nitalala, nitakula, nitasoma. Kule nitapanga chumba."

Hakuongeza neno. Wote walijua anamsema kaka yake.

Kaka yake alikwenda mjini miaka mitatu iliyopita, kwenye chuo chenye jina. Ng'ombe wawili waliuzwa. Nafasi ya bweni hakupata, akapanga chumba mbali na chuo. Alfajiri alitembea kwenda darasani. Jioni alitafuta maji. Usiku alipika kwa mkaa, akasinzia juu ya daftari. Fedha ya chakula ikaisha katikati ya muhula, akaanza kubeba mizigo sokoni siku za masomo. Mwaka wa pili hakuumaliza. Kijana yule si mjinga wala mvivu. Ndama wa mbegu bora naye, ukimnyima maji na majani, hakui.

Wazee wengi wakisikia mwanafunzi anataka chuo chenye raha, hudhani anataka uvivu. Raha ninayosema ni ndogo tu. Ni kulala salama, kula kwa wakati, kuwa na maji na taa, na mwalimu anayekufahamu. Kwa mtoto wa kike, njia ya kupita usiku nayo si jambo dogo. Chuo ambacho wanafunzi hawasomi, hicho si raha, ni hasara. Kikimbieni.

Na hilo jina, ni kubwa kwa nani? Baba mkubwa amelima pamba maisha yake yote. Mbegu za UK 77 na UK 91 alizopanda zilitoka kwenye utafiti wa Ukiriguru. Herufi UK ni za jina hilo hilo.

Tazameni pia cheti. Chuo kikisajiliwa na baraza la serikali linaloitwa NACTVET, ngazi zake ni zile zile nchi nzima. Ngazi ya 6 ni stashahada, iwe ya mjini au ya kijijini. Mwenye stashahada akifaulu vizuri anaweza kuomba nafasi Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Huko ndiko kunakofundishwa shahada ya udaktari wa mifugo. Anayetaka kazi hiyo itambidi asafiri, kwa raha au kwa shida. Kwenda mbali kufuata somo nakubali. Kufuata jina peke yake sikubali.

Mzazi, kabla ya kulipa, nenda ukaone. Uliza kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapata kitanda. Onja chakula. Uliza maji yanatoka wapi. Na kama ni chuo cha kilimo, omba uonyeshwe shamba lake. Kama hakuna shamba, atajifunza kilimo ubaoni.

Baba wa binti alipiga hesabu mbele yetu kwa kalamu: ada, nauli, kodi ya chumba, mkaa, chakula. Hesabu ya mjini ilimaliza ng'ombe wake wote watatu. Ya Ukiriguru ilimbakizia mmoja wa maziwa, na nyumbani wapo watoto wadogo wanne.

Baba mkubwa bado amenuna. Amesema atamnunulia binti mabuti ya shamba, lakini kumsindikiza hatakwenda.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kung'oa na kuchoma masalia ya pamba.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.