Muda Klopp alikuwa nao, nguvu ndizo zilizomwishia

Januari 26, 2024, Liverpool ilikuwa inaongoza Ligi Kuu England. Mashabiki wa Majogoo walishaanza kupiga hesabu za ubingwa. Ghafla Jürgen Klopp akatokea kwenye video ya klabu na kusema msimu ukiisha, anaondoka.

Maneno yakawa mengi. Kuna waliosema amegombana na mabosi. Kuna waliosema ameshaitwa kwingine. Kumbe mwenyewe alishawaambia viongozi wa klabu tangu Novemba, na sababu yake ilikuwa moja tu: nguvu zinamwishia. Alijifananisha na gari la mbio ambalo watu wa nje wanaliona bado linakimbia vizuri, ila dereva peke yake ndiye anayeuona mshale wa mafuta unashuka.

Sasa tazama mkataba wake. Aprili 2022 Klopp alisaini mkataba wa kumfikisha 2026. Siku anaaga, alikuwa amebakiza zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo muda alikuwa nao, tena wa kumwaga. Alichokosa ni nguvu ya kuutumia.

Hilo ndilo jambo ambalo soka, na kazi nyingine zote, zimekuwa nzito kulielewa. Kila kitu kinapimwa kwa muda. Mkataba wa miaka mitatu, mechi ya dakika 90, zamu ya saa nane, likizo ya siku 28. Lakini saa ya ukutani haichoki. Anayechoka ni mtu. Ukimpangia muda bila kuangalia nguvu zake, unapanga kikosi cha majina tu.

Ushahidi uko hapo hapo Anfield. Msimu wa 2021/22 Liverpool ilicheza mechi 63, yaani kila mechi ambayo iliwezekana kuchezwa kwenye mashindano manne. Ilibeba Kombe la Ligi na Kombe la FA, zote kwa kuifunga Chelsea kwa penalti. Ligi ikaikosa kwa pointi moja, Manchester City 93, wao 92. Mei 28 ikafungwa 1-0 na Real Madrid jijini Paris kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Katikati ya msimu huo Mohamed Salah na Sadio Mané walikwenda Cameroon kwenye Afcon na wakafika fainali, mmoja akiwa Misri na mwingine Senegal.

Baada ya hapo wengi wao walikwenda timu za taifa mwezi Juni. Julai 30 Liverpool ilikuwa uwanjani tena, ikicheza Ngao ya Jamii dhidi ya City. Ukisoma kalenda utasema walipata miezi miwili. Ukiuliza miguu itakuambia kitu kingine. Msimu uliofuata timu ile ile iliyokuwa inawakimbiza watu Ulaya nzima ikamaliza ya tano na kuikosa Ligi ya Mabingwa.

Ni kweli uchovu haukuwa sababu pekee. Mané aliuzwa Bayern Munich, kiungo kilikuwa kimezeeka na majeruhi walikuwa wengi. Lakini timu inayocheza kwa kukaba juu dakika zote inahitaji mapafu kabla ya mbinu. Mapafu yakigoma, mbinu inabaki ubaoni.

Na mashabiki walisema nini? Walisema timu imekwisha. Hilo ndilo neno jepesi kuliko yote vijiweni. Straika akikosa mabao mechi tano, amekwisha. Beki akipitwa mara mbili, amekwisha. Mara chache sana utasikia mtu akisema amechoka. Maneno hayo mawili yana tofauti kubwa. Aliyekwisha unamtafutia mbadala, aliyechoka unampumzisha. Klabu ikiyachanganya, inamuuza mchezaji mzuri kwa bei ya hasara na kwenda kununua mwingine wa kumchosha.

Pedri aliponea hapo hapo. Msimu wa 2020/21, akiwa na miaka 18, alicheza mechi zaidi ya 70 kwa klabu na timu ya taifa. Alimaliza msimu na Barcelona, akaenda Euro na Hispania hadi nusu fainali, kisha akapanda ndege kwenda Japan kwenye Olimpiki na kucheza hadi fainali ya Agosti 7. Kwenye karatasi kila mechi ilikuwa na nafasi yake, hakuna iliyogongana na nyingine. Ratiba ilikubali, paja ndilo lililokataa. Msimu uliofuata aliumia mara kwa mara, na watu wakaanza kumwita mchezaji wa kioo.

Hakuwa kioo. Alikuwa kijana aliyetumiwa mpaka akapasuka. Msimu wa 2024/25, akiwa mzima, ndiye aliyekuwa anaiendesha Barcelona ya Hansi Flick iliyobeba ubingwa wa Hispania.

Kwa upande wa pili yupo Lionel Messi. Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar alikuwa na miaka 35. Argentina ilicheza mechi saba, mbili zikaenda dakika 120, na Messi hakutolewa hata dakika moja. Jumla dakika 690. Alifunga mabao saba, akachukua kombe na tuzo ya mchezaji bora.

Aliwezaje? Kila aliyetazama aliona. Messi alikuwa anatembea. Mpira ukiwa mbali, anatembea huku akichungulia nafasi. Wengine wakikimbizana na vivuli, yeye anatembea. Mpira ukifika pale anapopataka, ndipo anafungulia. Angekuwa mchezaji wa ligi za huku, jukwaa zima lingempigia kelele kwamba hajitumi. Lakini ile ilikuwa hesabu. Alijua nguvu zake ni chache kuliko dakika zake, akaamua zitumike wapi. Wenzake nao waliikubali hesabu hiyo, wakakimbia kwa niaba yake.

Makocha wa viungo wanalijua hili siku nyingi. Siku inayofuata mechi, waliocheza dakika 90 wanafanya mazoezi mepesi, na wale waliokaa benchi wanapigishwa mazoezi ya maana. Uwanja mmoja, saa moja ile ile, ila mzigo tofauti. Katikati ya wiki kazi inakuwa nzito. Siku moja kabla ya mechi inapungua, ili mtu aingie uwanjani akiwa na tanki. Hakuna kocha mwenye akili anayewapa wachezaji wote mzigo sawa kwa sababu tu wote wamefika saa 2 asubuhi.

Ajabu ni kwamba kocha huyo huyo anajisahau mwenyewe. Analala na video za mpinzani, anaamka na simu za viongozi. Pep Guardiola alifanya hivyo Barcelona kwa misimu minne, akabeba makombe 14, kisha 2012 akasema amekauka na kuondoka. Mwaka mzima akaishi New York bila timu. Aliporudi 2013 akiwa na Bayern, alichukua ubingwa wa Ujerumani misimu mitatu mfululizo. Mwaka ule uliohesabiwa kuwa umepotea ndio uliompa miaka mingine.

Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2019 liliuweka uchovu wa aina hii kwenye orodha yake ya kimataifa kama tatizo la kazini, linalotokana na msongo wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na ufanisi kushuka. Shabiki yeyote ameshaziona uwanjani. Mchezaji harudi kukaba, akifunga hashangilii, pasi ya mita tano inakwenda nje.

Kuna hoja moja lazima ijibiwe. Watasema wachezaji wanalipwa mamilioni, waache kudeka, mbona mama ntilie anaamka saa 10 alfajiri kila siku na hajalalamika? Hoja ina uzito. Klopp na Guardiola walikuwa na akiba ya kuwawezesha kukaa nyumbani. Mama ntilie akipumzika mwezi, watoto hawali. Lakini mshahara haujazi tanki, unalipa bili tu. Na mama ntilie ni mtaalamu wa nguvu kuliko makocha wengi. Anakata vitunguu na kuloweka maharage usiku, asubuhi anawasha jiko, saa 7 mchana wateja wakijaa anakuwa na moto wote, jioni anakaa kwenye kigoda chake. Kazi nzito ameiweka saa ambayo mwili unaiweza.

Rudi sasa Ligi Kuu Bara. Simba na Yanga zimeanza kuzoea kufika mbali Afrika. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 dhidi ya USM Alger, na Simba ikacheza ya 2025 dhidi ya RS Berkane. Ni sifa kwa nchi. Lakini kila safari inazaa viporo. Timu inatoka kaskazini mwa Afrika kwa ndege za kuunganisha, inatua Dar es Salaam, na baada ya siku chache inatakiwa Mbeya au Mwanza.

Kijiweni viporo vinahesabiwa kama pointi zilizoko mfukoni. "Tuna viporo vitatu, tukishinda vyote tunaongoza." Shabiki anahesabu pointi, kocha anahesabu miguu. Akiweka kikosi cha pili apumzishe nyota wake, anatukanwa kwamba anadharau mechi. Akiweka kikosi kile kile na kikachemka, anafukuzwa. Kwa mtindo huo hakuna kocha atakayethubutu kumpumzisha mtu, na wachezaji wataendelea kukatika misuli.

Na shabiki mwenyewe hayuko salama. Mechi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya inaanza saa 5 usiku, inaisha saa 7. Saa 11 alfajiri yupo Mbagala anagombea daladala. Saa 2 kamili ameshasaini daftari la mahudhurio. Bosi anaridhika, mtu yupo. Lakini mpaka saa 6 mchana anasoma barua moja mara nne. Muda wake kautoa wote, nguvu kaziacha kibanda umiza.

Si lazima aache mpira. Aige wanavyofanya wenye mpira wao. Kazi ngumu aiweke saa ambayo kichwa kina moto, nyepesi ziende saa za kusinzia. Baada ya siku nzito, inayofuata iwe nyepesi kidogo pale inapowezekana. Usiku wa fainali akeshe, ila mechi ya makundi ya timu asiyoijua kipa wake, alale.

Na bosi naye ajifunze kuuliza swali la kocha. Kocha hamuulizi mchezaji amefika saa ngapi. Anamuuliza anajisikiaje, na akijibiwa ukweli hamwadhibu. Wengi wanaficha uchovu kwa sababu wanajua anayesema amechoka ndiye anayeanza kutafutiwa mbadala.

Klopp alisema akiwa kileleni, timu ikishinda, hakuna aliyemtaka aondoke. Liverpool ikabeba Kombe la Ligi mwezi uliofuata, ikamaliza ya tatu, na Mei 19 Anfield nzima ikamwaga kwa nyimbo. Wengine wanasubiri mpaka gari lizime barabarani, kisha kila anayepita anasema dereva hajui kuendesha.