Jesús Navas, winga aliyeogopa kulala mbali na kwao



Katika kambi zetu, kila Jumapili watu wanabishana: Messi ao Ronaldo? Sisi wa sendika leo tunataka kuongea juu ya mwingine, ambaye jina lake halipigiwi kelele sana: Jesús Navas, winga wa Hispania. Si juu ya magoli yake, maana hayakuwa mengi. Ni juu ya namna alivyotumika, na namna alivyotendewa kazini.

Alizaliwa mwaka 1985 huko Los Palacios, mji mdogo karibu na Sevilla. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18 tu, akaingia katika timu kubwa ya Sevilla. Kijana mwembamba, mbio kali, anashikilia mstari wa kuume mpaka beki anachoka. Lakini alikuwa na shida moja: ukimtoa mbali na kwao, hofu inamushika mpaka hawezi kitu. Alipoitwa na timu za vijana wa Hispania, aliacha kambi akarudi nyumbani. Kwetu angeitwa mtoto wa mama, na kapita angeandika jina lake katika kitabu cha wavivu.

Timu yake haikumufukuza. Alitafutiwa msaada wa wale wanaojua magonjwa ya roho na mawazo, akaachiwa muda, naye akapigana polepole. Novemba 2009 akavaa kwa mara ya kwanza jezi ya timu kubwa ya Hispania. Tarehe 11 Julai 2010 alikuwa Johannesburg, mbali kabisa na Los Palacios, katika finali ya Kombe la Dunia. Aliingia dakika ya 60 kwa nafasi ya Pedro. Wengi wanakumbuka goli la Iniesta la dakika ya 116. Ni nani alianzisha ile mbio? Ni Navas, aliyeuchukua mpira nyuma kabisa na kukimbia nao katikati ya Waholanzi. Yule aliyeshindwa kulala kambini!

Vikombe vingine tutavipita haraka: Kombe la UEFA mara mbili, 2006 na 2007, Euro 2012, ubingwa wa Uingereza na Manchester City mwaka 2014. Miaka ine alikaa Manchester, kwenye baridi na mvua. Mwaka 2017 akarudi Sevilla, na kwa kuwa umri ulikuwa unasonga, akageuzwa beki wa kuume. Wengine wangeona ni kushushwa cheo. Yeye akanyanyua Europa League mara mbili tena, 2020 na 2023.

Kisha mwili ukaanza kudai deni lake. Nyonga ilimuuma kwa miaka, hata kutembea kisha mechi kulikuwa taabu. Ninyi munaobeba mashine ya kutoboa mawe munajua maumivu ya namna hii, hatuna haja ya kuwaelezea. Hata hivyo katika Euro 2024, akiwa na miaka 38, alianza mechi ya nusu finali na Ufaransa, mbele yake Mbappé. Hispania ikashinda 2-1, na siku chache nyuma yake ikachukua kombe. Katika ekipe ile, ni yeye peke yake aliyebaki wa mwaka 2010.

Mwezi wa Mei mwaka ule Sevilla walipatana naye: atacheza mpaka Desemba, na kisha atakuwa na kontra ya maisha yote katika klabu. Mechi yake ya mwisho ilikuwa tarehe 22 Desemba 2024, kwa Real Madrid, na wachezaji wa Madrid walisimama mistari miwili kumupigia makofi.

Watatuambia: ule ni mchezaji wa mamilioni, ninyi ni wachimbaji. Ni kweli. Lakini nyonga ni nyonga. Kwetu mwenye kuharibika mgongo kisha miaka 20 chini ya shimo anapewa karatasi ya munganga inayosema hafai tena, na anarudi nyumbani na mfuko wake. Na kijana anayelia usiku kambini, mwezi wa tatu bila kuona mtoto wake, anaambiwa akaze roho.

Kwa mkutano wetu na wapatroni tumeweka maombi mawili mezani: munganga wa mambo ya roho katika kila kambi, na kazi nyepesi ya juu kwa wale ambao mwili umechoka kabla ya miaka ya pensheni. Delege wenu watapita kukusanya majina.