Urea feki, maabara na maneno ya wakulima: tumwamini nani?

Kila msimu wa kukuzia ukifika kuna swali moja ninaloulizwa kuliko mengine yote: "Bwana shamba, hii urea si imechakachuliwa?" Wengine wananitumia picha ya mbolea iliyoganda mabonge. Wengine wananiambia tu kwamba mwaka jana waliweka, wakapoteza hela, hawakuona kitu. Na siku hizi wapo wanaojibu kabla yangu: "Utafiti umethibitisha." Mmoja anasema utafiti umethibitisha kwamba mbolea za madukani ni mbovu. Mwenzake anasema utafiti umethibitisha ni nzima. Cha ajabu ni kwamba wote wawili hawajatunga, tafiti hizo zipo kweli.

Leo nataka tuziangalie hizo tafiti zenyewe. Ninyi mnalima kibiashara. Ukiamini urea ni feki utaweka nusu ya kipimo, au utaiacha kabisa ukanunue chupa ya busta yenye maneno matamu. Ukiamini yote ni safi, siku ukiuziwa mbovu kweli hutashtuka. Huko kote ni hela yako inaondoka.

Tuanze na Uganda. Mwaka 2017 Tessa Bold na wenzake walichapisha utafiti ambao walinunua urea kwenye maduka ya rejareja, wakaipeleka maabara kupima naitrojeni. Jibu lao: kwa wastani, asilimia 30 ya kirutubisho kinachotakiwa kuwemo hakikuwemo. Fanyeni hesabu. Urea nzuri ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Toa asilimia 30, unabakiwa na kilo 16 hivi. Umelipia kilo saba ambazo hazipo. Na kwenye mbegu za mahindi chotara walikadiria kwamba zilizo halisi hazifiki hata nusu. Habari hiyo ilisambaa sana, na hadi leo bado inazunguka kwenye magrupu ya wakulima.

Halafu kuna ya kwetu, Morogoro. Mwaka 2021 Hope Michelson na wenzake walichapisha utafiti wa sampuli zaidi ya 600 za mbolea, kutoka kwa wauzaji zaidi ya 200 wa mkoa huo, urea ikiwemo. Maabara ikaonyesha kwamba virutubisho vimo kama inavyotakiwa, kwa kiasi kikubwa kabisa. Lakini hawakuishia hapo. Waliwauliza pia wakulima, wakakuta wengi wanaamini mbolea ya madukani imechakachuliwa. Tena wakaitazama mbolea yenyewe kwa macho: mbolea nyingi zilikuwa zimeganda au zimeharibika sura, na mkulima alikuwa anaitumia hiyo sura kuhukumu kilichomo ndani. Sura mbaya, basi feki. Maabara ikasema hapana, sura na naitrojeni ni vitu viwili tofauti.

Sasa tuzikosoe. Kukosoa utafiti sio kuutukana, ni kuuliza umeulizwa nini na umejibu nini.

Ile namba ya Uganda mimi huwa inanisumbua, na nitawaambia kwa nini. Urea ni punje ndogo nyeupe, zinalingana, na ukiziweka kwenye maji zinayeyuka zote. Ili mtu apunguze naitrojeni kwa asilimia 30 lazima aweke kitu kingine mahali pake, kiwe cha bei rahisi kuliko urea na kifanane nayo. Mchanga? Utauona. Chokaa? Itabaki chini ya glasi. Chumvi inayeyuka, lakini punje zake hazifanani, na mimea ingeungua. Mtu aliyefanya kazi ghalani miaka kumi ukimsomea ile asilimia 30, swali lake la kwanza litakuwa: "Walichanganya na nini?" Ni swali la mtu asiye na maabara, linatoka kwenye kuona na kushika, na lina haki kabisa ya kuibana namba iliyotoka kwenye mashine. Na kweli, vipimo vingine vilivyofanyika nchi mbalimbali za Afrika havikukuta upungufu mkubwa namna hiyo kwenye urea. Shida ilionekana zaidi kwenye mbolea za kuchanganya.

Sisemi watafiti wa Uganda walidanganya. Uchakachuaji wa pembejeo upo, na kwenye mbegu na viuagugu mimi ningekuwa na wasiwasi mkubwa kuliko kwenye urea. Ninachosema ni kwamba namba nayo ina mahali ilikozaliwa: nani alinunua, wapi, mwezi gani, sampuli ilihifadhiwaje, mashine ilipimwa usahihi wake au la. Mtu akikutupia asilimia bila hayo, amekutupia uvumi uliovaa suti.

Haya, upande wa pili. Wapo wataalamu wanaosoma ule utafiti wa Morogoro na kuhitimisha haraka: "Mmeona? Wakulima hawajui." Hapo mimi nakataa katakata. Mkulima alisema mbolea imeganda, na kweli iliganda. Alisema mwaka jana aliweka hakuona kitu, na inawezekana sana kwamba kweli hakuona kitu. Alichokosea ni kuunganisha hayo mawili na kusema lazima naitrojeni iliibiwa dukani.

Fikirini urea nzuri kabisa, kilo 23 za naitrojeni zote zimo. Kijana anaimwaga juu ya udongo mkavu, hafukii, anasubiri mvua. Mvua inachelewa wiki nzima na jua linawaka. Sehemu ya ile naitrojeni inageuka hewa ya amonia na kuondoka. Au ameiweka mahindi yakiwa yameshachelewa. Au magugu hayajapaliliwa, kwa hiyo amelisha magugu. Au udongo una tindikali kali na mizizi haifanyi kazi. Maabara inapima kilichomo kwenye mfuko, basi. Haipimi kilichofika kwenye mzizi. Kwa hiyo maabara inaweza kusema kweli, mkulima naye akasema kweli, na mahindi yakawa ya njano vilevile.

Ndiyo maana maelezo ya wakulima siyadharau, ila naangalia yalivyokusanywa. Kuna tofauti kubwa kati ya kumuuliza mtu "unadhani mifuko mingapi kati ya kumi ni feki?" na kumwambia "hebu nieleze msimu uliopita ulivyoweka urea: ulinunua lini, uliiweka siku gani, mvua ilinyesha lini, ulifukia au ulimwaga?" Swali la kwanza linakupa namba ya kuweka kwenye jedwali. La pili linakupa sababu. Utafiti wa maelezo, ule wa mahojiano na mijadala ya vikundi, kazi yake hasa ni hii ya pili. Ukiufanya upige kura umeuonea.

Na hapa kuna ugonjwa ninaouona sana kwenye ripoti za miradi. Mtu amehoji wakulima 15, kumi na wawili wakasema mbolea haina nguvu. Kwenye ripoti inaandikwa: "asilimia 80 ya wakulima wanasema mbolea haina nguvu." Hesabu yake ni sahihi, ila maana yake ni bovu kabisa. Kuhoji watu 15 sio kosa. Watu 15 waliosikilizwa vizuri, vijana na wazee, wanawake na wanaume, walionufaika na walioacha, wanaweza kukufundisha mambo ambayo dodoso la watu elfu moja halitayagusa. Kosa ni pale wale 15 walipoitwa na mwenyekiti kwa simu, wote ni watu wake, halafu wakahesabiwa kana kwamba ni wilaya nzima.

Angalia pia nani alikuwa amesimama pale wakati swali linaulizwa. Mimi nikifika kijijini na pikipiki ya serikali, nina mtendaji pembeni, halafu niulize kama mafunzo yamesaidia, nani ataniambia hayakusaidia? Watu wetu wana adabu. "Yamesaidia sana, mtaalamu, tunashukuru." Kazi imeisha. Ukitaka ukweli muulize mtu peke yake, shambani kwake, usianze na kumuuliza anaonaje. Mwambie akuonyeshe alivyofanya.

Sasa vipeperushi vya pembejeo, maana huko ndiko takwimu zinakowapata ninyi zaidi. "Mavuno yaongezeka asilimia 40!" Swali la kwanza: kutoka ngapi? Kutoka gunia 5 hadi gunia 7 kwa ekari ni asilimia 40. Umepata gunia mbili. Je, zinalipa gharama ya hiyo chupa, kibarua wa kupulizia na usafiri? Mavuno kupanda na faida kupanda sio kitu kimoja. Swali la pili: ni wastani? Tuseme wakulima watano wamepata gunia 8, 9, 10, 10 na 33. Wastani wao ni gunia 14. Lakini wanne kati ya hao watano hawakuifikia hata hiyo 14, na yule wa 33 pengine ana umwagiliaji. Ukipanga bajeti yako kwa gunia 14 utaenda benki kulia. Swali la tatu: kililinganishwa na nini? Kama shamba la mfano lililimwa kwa trekta, likapaliliwa mara mbili, likawekwa mbolea na busta, halafu likalinganishwa na shamba la jirani lisilopaliliwa, basi huwezi kusema busta ndiyo iliyofanya kazi. Huenda ni jembe. Na mashamba ya mfano, nadhani mmeona, yanapenda sana kukaa kandokando ya barabara, kwenye ardhi nzuri.

Sasa ukiwa na wasiwasi na mfuko uliounua ufanyeje? Kwanza usiutupe kwa sababu ya mabonge peke yake. Urea inavuta unyevu, ikikaa ghalani inaganda. Kama mfuko haujachanika na haujalowana maji, pondaponda yale mabonge vizuri. Shida kubwa ya bonge ni kwamba shina moja linapata nyingi na jingine linakosa. Tunza risiti na mfuko wenye lebo, na kama una sababu ya maana ya kushuku, peleka malalamiko TFRA, ndio wenye dhamana ya kusimamia ubora wa mbolea.

Na ukitaka kujua mwenyewe, pima. Chukua sehemu ya shamba inayofanana, gawa vipande vinane vilivyo sawa kwa ukubwa, viwili viwili kwa jozi. Kila jozi, rusha shilingi: kichwa kikitokea, kipande cha kushoto kinapata urea yenye mabonge uliyoiponda, cha kulia kinapata urea ya mfuko usio na shaka. Mwenge ukitokea, geuza. Msichague wenyewe, kwa sababu bila kukusudia mtaipa mbolea mnayoipenda kipande chenye rutuba. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda moja, kipimo kimoja kwa shina, na zote zifukiwe. Hata anayevuna ni bora asijue kipande kipi ni kipi. Mkivuna, acheni mistari ya pembeni, pimeni ya katikati.

Yenye mabonge ikishinda jozi mbili na kushindwa mbili, hujaona tofauti, tulia. Ikishindwa zote nne, hapo sikiliza, ila bado usipige kelele kwenye grupu. Hata kama mbolea zote mbili ni sawa kabisa, bahati peke yake inaweza kuifanya ile ya mabonge ishindwe mara nne mfululizo, mara moja kwa kila majaribio 16. Rudia msimu ujao, au mshirikishe jirani afanye kwake kwa utaratibu uleule.

Wakati huohuo andikeni kwenye daftari: siku ya kuweka, udongo ulikuwa na unyevu au la, mvua iliyofuata, mlichokiona kwenye majani na siku mliyokiona. Jozi moja ikitoa jibu la ajabu, daftari ndilo litakalowaambia kwamba siku ile mbuzi waliingia.

Pimeni kwa mzani mmoja, mahindi yakiwa yamekauka sawasawa, kwa sababu debe la mahindi mabichi sio debe la mahindi makavu. Mkimaliza nitumieni namba zote nane na picha ya hizo kurasa za daftari, sio ile namba moja iliyowafurahisha.