MIKONO YA SUFURIA



Ninaandika kama kiongozi wa wanafunzi, lakini kwanza kama mwenye kosa. Muhula uliopita mabinti wa darasa letu walicheza mpira na mabinti wa darasa la chini yetu. Mlinda lango wa wadogo wetu alizuia mipira mingi sana. Kisha mmoja tu ukampita katikati ya mikono. Sisi wavulana tuliokuwa pembeni tukapiga kelele: "Mikono ya sufuria hiyo, si ya mupira!" Mimi nilikuwa mmoja wao. Tangu siku ile dada yule hajarudi uwanjani, na wenzake nao wameacha.

Jambo hilo limenirudia moyoni niliposoma habari za Kevin Awino. Jina lisiwadanganye, ni mwanamke, Mganda, mlinda wiketi katika mchezo wa kriketi.

Kwetu Makobola mchezo huo haujulikani, basi nieleze kidogo. Vijiti vitatu vinasimamishwa, na juu yao vipande viwili vidogo vya mti. Mrushaji anatupa mpira kutoka mita 20 hivi ili aviangushe. Mpigaji anavikinga kwa kibao. Nyuma ya vijiti anachuchumaa mlinda wiketi. Mpira ni wa ngozi, mgumu. Ule wa wanawake una gramu 140 mpaka 151. Mpigaji akiugusa kidogo tu na mlinzi akaudaka kabla haujafika chini, mpigaji ametoka. Katika mchezo mfupi kila upande unarushiwa mipira 120. Ni kusema mlinzi anachuchumaa na kuinuka mara 120, na kila mara awe macho. Mipira 119 aliyoshika vizuri watu wanaisahau. Ule mmoja uliomponyoka ndio unaozungumzwa mpaka nyumbani. Sivyo tulivyofanya sisi?

Sasa tazameni. Mwaka 2017 wanawake wa Uganda walishinda mashindano ya Afrika kule Windhoek, Namibia. Kwa hiyo Julai 2018 walikwenda Uholanzi, timu 8, kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Kapiteni wao alikuwa Awino. Hawakupita, nafasi zilichukuliwa na Bangladesh na Ireland. Lakini uongozi walimpa nani? Walimpa yule anayechuchumaa nyuma, ambaye kutoka pale anaona uwanja wote. Baadaye ukapiteni ulikwenda kwa wengine, Concy Aweko na kisha Janet Mbabazi. Awino hakuondoka. Aliendelea kucheza chini yao, na mwaka 2024 alikuwa katika timu iliyokwenda Abu Dhabi kujaribu tena.

Mtasema huyo ana moyo wa chuma. Basi sikieni habari ya Sarah Taylor wa Uingereza, ambaye wengi wanamhesabu kati ya walinda wiketi bora wa dunia. Alichukua Kombe la Dunia mwaka 2009. Mwaka 2016 alisimama kucheza kwa sababu ya wasiwasi mkubwa uliomshika, naye akasema wazi. Alipewa muda, akarudi, na mwaka 2017 akachukua kombe tena. Kama hata yeye alihitaji kungojwa na wenzake, je, dada yetu wa kidato cha chini?

Wengine wanasema mabinti wenyewe hawataki, wana kazi za nyumbani. Kweli, kazi wanazo: maji, kuni, mihogo, wadogo zao. Lakini uwanja tumeukalia sisi siku zote 5 za juma. Na nani atakwenda kuomba mahali anapochekwa? Tena hiyo mikono ya sufuria tunayoitukana, ndiyo inayoepua sufuria ya maharagwe motoni kila jioni bila kumwaga. Sisi wavulana wangapi tunaweza? Mkono usioogopa moto utaogopa mpira?

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Kwanza, uwanja uwe wa mabinti kila Jumatano baada ya masomo, na wavulana tusiwe pembeni kupiga kelele. Pili, sisi tuliocheka tuchange tununue glavu za mlinda lango, zikae kwa mwalimu wa michezo. Tatu ni langu mwenyewe: Jumatatu, wakati wa mstari wa asubuhi, nitamwomba dada yule radhi mbele ya wote, kwa sababu nilimcheka mbele ya wote.

Sisi finalisti tunaingia katika mtihani wa Serikali, kisha tunaondoka. Yeye anabaki. Bwana Prefe, kwa ile Jumatano tunangoja jibu lako.

Kiongozi wa wanafunzi, darasa la mwisho