Imamu wa Katito na Haki ya Mjane

Mabinti zetu wa pwani huolewa hata bara, na mzazi hujiuliza: huko Katito, mbali na maulamaa wa Mombasa na Lamu, mwanangu atamtegemea nani?

Atamtegemea imamu wa msikiti wake. Uislamu hauna ukasisi. Imamu hasimami baina ya mja na Mola wake, wala hasamehe dhambi. Lakini penye Waislamu wachache, yeye ndiye anayesalisha, anayesomesha watoto, anayekafini maiti na kufungisha ndoa. Mzigo wake ni mzito kuliko wa sheikh wa mjini mwenye wenziwe wa kumsaidia.

Uzito huo hudhihiri siku ya msiba. Tuseme mwanamke amefiwa na mumewe, Mjaluo aliyesilimu, na jamaa wa mume, kwa mila yao ya tero, wanataka arithiwe na shemeji. Hapo imamu hana ruhusa ya kunyamaza akasema haya ni mambo ya ukoo. Suratun-Nisaa, aya ya 19, imeharamisha kuwarithi wanawake kwa nguvu. Mjane atakaa eda miezi 4 na siku 10, au hadi ajifungue akiwa na mimba. Kisha kuolewa au kutoolewa ni hiari yake. Madeni yakishalipwa na wasia kutekelezwa, fungu lake ni thumni mume akiacha watoto, robo asipoacha.

Ayaseme hayo kwa upole, ameketi na wazee kwa heshima, kwani huenda hawajapata kuelezwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, aliandika kwa Kiswahili pia ili elimu iwafikie wasiojua Kiarabu. Imamu wa Katito pengine itambidi aiseme kwa Kijaluo.

Na aujue mpaka wake: yeye hushauri, hahukumu. Shauri la ndoa, talaka au mirathi hukatwa na Mahakama ya Kadhi, nayo ipo Kisumu. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imeipa mamlaka hayo iwapo pande zote ni Waislamu na zimeyaridhia. Jamaa wasio Waislamu hawafungwi nayo. Kwao mjane hushtaki katika mahakama za kawaida. Imamu mwenye kulijua hili humwelekeza mapema, kabla shamba halijagawanywa.

Wako wazazi wanaokidharau cheti cha ndoa, wakisema mashahidi wawili watosha. Watosha, naam, ndoa kusihi. Lakini mjane asiye na cheti huanza kesi yake kwa kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Basi kabla ya kumkabidhi binti, ulizeni ndoa itasajiliwa wapi, na nani.